Sadaka Iliyonywewa na Mchanga

Wamepokea wazee wetu kutoka kwa wazee wao, na mimi nikakipokea kwao na kukishika vizuri kuliko wengi wenye vilemba vikubwa, kisa cha mja mwema mmoja aliyeitwa Muhana bin Saif, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kaa vizuri, ndugu yangu. Hakina jini wala hazina ya dhahabu. Kina maji tu, na maji yenyewe kidogo.

Muhana alikuwa mkulima wa kijiji cha Samhani, ndani ya milima ya Omani, zama ambazo mtu akisema ana mali alikuwa na maana ya mitende. Mvua huko ilikuwa mgeni wa mara chache. Maji yao yalitoka kwenye chemchemi chini ya mlima, yakateremka mpaka kijijini kwa mfereji mmoja mkubwa uliojengwa kwa mawe, na kutoka kwenye mfereji huo vikatawanyika vifereji vya udongo kuelekea kila shamba. Kila mwenye haki alikuwa na zamu yake. Uwanjani ilisimama nguzo ya mti, na pembeni yake mawe yamepangwa. Kivuli cha nguzo kikigusa jiwe lako, unaondoa kizibo cha jiwe na matambara, maji yanaingia kwako. Kikigusa jiwe la mwenzako, unaziba. Hapakuwa na mjadala. Mtu wa Samhani aliweza kumsamehe jirani aliyemtukania mamaye, lakini si jirani aliyechelewa kuziba.

Zamu ya Muhana ilikuwa ya baada ya alasiri, na ilikuwa fupi, zamu ya mtu wa hali ya chini. Aliirithi kwa baba yake. Siku alipomzika mzee huyo aliweka nia mbele ya kaburi: nusu ya zamu itanywesha mitende yake michache, iliyomlisha yeye, mkewe Bi Rayya na watoto wao, na nusu ya pili itakuwa ya Mwenyezi Mungu.

Nia nzuri. Sasa mpe nani? Ukiwa huna kitu, hilo si swali. Ukiwa na vingi, pia si swali, unatoa huku na huku kama mtu anayenyunyiza marashi harusini. Swali hili ni la mwenye kidogo.

Wenye haja hawakukosekana Samhani. Palikuwa na shamba la wakfu la msikiti, ambalo tende zake zilifuturisha watu mwezi wa Ramadhani. Palikuwa na hodhi la wasafiri kwenye njia ya misafara. Palikuwa na bustani ya chuo cha Sheikh Azzan, mwanachuoni mcha Mungu, ambako Muhana mwenyewe alifundishwa alifu na be. Na palikuwa na shamba dogo la Bi Moza, mjane mtu mzima, aliyefiwa na mume, kisha akafiwa na mwana, akabaki na wajukuu mayatima na mitende mitatu. Muhana alikuwa na moyo laini kama tende mbivu. Hakuweza kumshika mmoja akamwacha mwingine. Basi ile nusu ya Mungu akaikata vipande vipande, kila mahali kipande chake.

Na miaka ya neema ilimkubalia. Mfereji ulikuwa ukijaa hadi mdomoni, na vifereji havikuwahi kukauka, kwa sababu maji ya huyu yakitoka, ya yule yanaingia. Udongo ulikuwa umeloa siku zote. Hata maji ya kufumba na kufumbua yaliteleza juu yake yakafika yaendako.

Ilikuwa desturi yao, baada ya sala ya Ijumaa, msimamizi wa maji, ambaye wao humwita arifu, asimame awataje waliotoa maji yao kwa ajili ya Mungu, na walipoyatoa, na watu waitikie, "Mola ayabariki." Arifu wa zama hizo alikuwa Dhahir, mtu mrefu mwenye ulimi usiojua kupumzika. Akifika kwa Muhana humtaja msikitini, humtaja hodhini, humtaja chuoni, humtaja kwa Bi Moza. Watu huitikia mpaka wanachoka.

"Ewe Muhana," Dhahir alimwambia siku moja wakivaa viatu, "sisi wengine tunatajwa mara moja tunashukuru. Wewe unatajwa kama msiba. Kuanzia leo nitakuita Baba wa Mito."

Watu wakacheka, na Muhana akacheka nao. Jina likamganda. Na hebu tusidanganyane, ndugu zangu: jina zuri likimganda mtu, halimwashi.

Kisha ukaja ukame.

Mwaka wa kwanza watu walisema utapita. Mwaka wa pili wakaanza kusali sala ya kuomba mvua, wamegeuza mashuka yao, wanawake na watoto nyuma yao, hata wanyama wakatolewa nje. Chemchemi ikapungua. Maji yaliyokuwa yakipiga kelele kwenye mfereji mkubwa yakaanza kunong'ona. Wenye zamu wengi wakaondoa mikono yao kwenye sadaka, kila mmoja akasema, "Nafsi yangu kwanza." Kwa hiyo wenye haja wakaongezeka, na mlango uliobaki wazi ulikuwa wa Muhana.

Wakaja watu wa mtaa wa chini, wakakaa kwenye mkeka wake, wamekunja mikono. Mkubwa wao akasema, "Baba wa Mito, tumekuja na aibu zetu. Kisima cha kuoshea maiti kimekauka. Tunakuomba kipande kidogo tu. Wewe hujapata kumrudisha mtu."

Muhana akatazama chini, kisha akasema, "Mola akipenda, mtapata."

Bi Rayya alikuwa nyuma ya pazia akipepeta nafaka. Wageni walipoondoka akatoka na ungo mkononi.

"Baba Sulayma, umewaahidi maji gani?"

"Maji ya Mungu, Mama Sulayma."

"Maji ya Mungu unayo nusu zamu, na hiyo nusu umeshaikata mara nne. Sasa unaikata mara tano. Sadaka hii au kitunguu?"

"Kidogo kinachotolewa kwa nia safi, Mungu hukikuza."

"Mungu hukuza. Sijasema hakuzi," akasema Bi Rayya. "Nimekuuliza wewe unafanya nini."

Muhana alikwenda akakata mara tano.

Sasa ni lazima ujue alivyokuwa akifanya kazi hiyo, maana ndipo kosa lilipojificha. Kivuli kikigusa jiwe lake, kwanza alinywesha mitende yake. Kisha alikimbia kandokando ya mfereji mkubwa, akifungua kizibo cha msikiti, akihesabu kwa tasbihi, akiziba. Akakimbia kufungua cha hodhi, akihesabu, akiziba. Hivyo hivyo mpaka cha mwisho, cha Bi Moza. Kivuli kikimwishia, anaziba, anatia udhu, anakwenda msikitini kusali magharibi. Maji yalipoingia kwenye vifereji, yeye alikuwa ameshageuza mgongo. Hakuna hata siku moja aliyoyafuata.

Bi Moza alikuwa katika mtihani mzito, na watu walijua nusu yake tu. Tende za ile mitende mitatu ndizo zilizokuwa chakula chake na cha wajukuu kwa mwaka mzima. Mavuno mawili yalikuwa yamempita mikono mitupu. Mfanyabiashara mmoja wa bandarini, aliyekuwa akinunua mashamba ya watu waliochoka, alikuja akamwambia kwa upole, "Mama, nitarudi wakati wa mavuno. Mitende ikiwa na tende, baki na shamba lako. Ikiwa haina, nitalichukua kwa bei ya ardhi tupu, na hawa watoto nitawatafutia majumba ya kutumikia huko pwani, wasife njaa." Hakuwa mtu mbaya. Alisema kweli tupu. Lakini Bi Moza alijua watoto wakigawanywa majumba, hawatakutana tena chini ya dari moja mpaka Siku ya Kufufuliwa.

Bi Rayya alikwenda kumjulia hali. Aliporudi alikaa kizingitini bila kuvua ushungi wake.

"Nimetoka kwa Bi Moza," akasema. "Makuti ya mitende yake yamekuwa rangi ya mkeka wa zamani."

"Mbona nampelekea maji kila zamu?"

"Nami nilimwambia hivyo. Akasema, alhamdulillahi, Mungu amlipe Muhana. Kisha akanyamaza. Baba Sulayma, mimi ninazijua aina za kunyamaza kwa wanawake. Kesho, maji yatakapoondoka kwako, yafuate. Magharibi utaisalia popote ulipo, ardhi yote ni msikiti."

Siku ya zamu Muhana alifanya kama kawaida yake. Lakini alipofungua kizibo cha Bi Moza, hakugeuza mgongo. Alisubiri kivuli kikaisha, akaziba, kisha akateremka na kifereji, akitembea sambamba na kichwa cha maji yake.

Mwanzoni yalikwenda vizuri. Yalikuwa na upana wa kiganja, yamebeba vumbi na majani makavu mbele yake. Halafu yakaingia kwenye udongo uliopasuka. Kila ufa ulikuwa mdomo. Maji yaliingia humo na kukaa kimya kitambo, yakaujaza, yakatoka membamba zaidi. Ufa mwingine, tena yakapungua. Mchanga wa kando ukanyonya sehemu yake. Muhana akaanza kuyasemesha, "Twendeni, twendeni, bismillahi, twendeni," kama mtu anayeswaga mbuzi mgonjwa. Yakawa upana wa vidole. Yakawa unyevu unaotambaa. Na kabla ya ukuta wa shamba la Bi Moza, mbele kabisa ya macho yake, yakasimama. Mchanga ukayanywa, ukabaki doa jeusi, na doa likaanza kufifia.

Upande wa pili wa ukuta alikuwepo Bi Moza. Alikuwa amefungua mlango wa maji wa shamba lake, amekaa na jembe magotini, anasubiri. Alipoona hakiji kitu, aliinuka akatoka, akainama pale penye doa, akachota lile tope kwa mikono miwili, akalibeba kama mtu anayebeba kifaranga, akaenda kulibandika kwenye shina la mtende. Akarudi kuchota tena. Hapo ndipo alipomwona Muhana.

Wote wawili walishikwa na haya.

"Karibu, mwanangu," akasema Bi Moza, akifuta mikono kwenye kanga ya kiunoni.

"Mama, maji yangu hayafiki."

"Yanafika. Sadaka yako imeshafika kwa Mola wako tangu ulipoweka nia." Akatabasamu kidogo. "Kwangu mimi ndiyo bado iko njiani."

"Tangu lini?"

Bi Moza hakutaka kusema. Muhana akamsihi kwa Mungu aseme.

"Tangu mwaka jana, mwanangu. Tangu vifereji vilipokauka."

"Na umekuwa ukiniombea kila Ijumaa?"

"Nikuombee nini kingine? Ulikuwa unatoa. Mtu akikunyooshea mkono, utamwambia mkono wako mfupi?"

Muhana akaketi chini, pale pale kwenye mchanga uliokunywa maji yake. Alikuwa mkulima mwana wa mkulima. Tangu utotoni alijua kwamba kifereji kikavu hunywa kwanza, kisha ndipo hunywesha, na kwamba maji ya kwanza ya kila zamu ni haki ya njia. Mtoto wa Samhani hulijua hilo kabla hajajua kufunga shuka yake. Akaiambia nafsi yake kwa sauti, na Bi Moza akasikia: "Ewe nafsi, ulijua. Hukutaka kuona, kwa sababu ukiona ingekubidi umwambie mtu hapana."

Na akalia. Hakulia kwa kukosa maji. Alilia kwa sababu alitazama nyuma akaona mwaka mzima wa sadaka, alasiri zake na mbio zake na tasbihi zake, haukuotesha hata jani moja, ila jina lake.

Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe, "Nitampa Bi Moza zamu yote. Yangu na ya Mungu."

Bi Rayya akamtazama kwa huruma. "Na hawa wako watakula jina lako? Dini imetufundisha tuanze na walio mikononi mwetu. Usikimbie kosa moja ukaingia la pili, baba. Nia uliyoweka ni nusu. Itoshe nusu. Lakini iende mahali ifike."

Alhamisi yake Muhana alikwenda chuoni kwa Sheikh Azzan. Akambusu mkono, akakaa. Muhana akasema, "Sheikh wangu, nimekuja kukunyima maji."

"Umekuja kuninyima," akasema Sheikh Azzan taratibu.

"Ndiyo. Na nimekuja kukuomba radhi, maana hukuwa ukiyapata hata nilipokuwa nakupa. Nimekwenda kutazama. Yanaishia kwenye mchanga, nje ya bustani yako."

"Nilijua, mwanangu."

"Ulijua, Sheikh! Mbona hukuniambia?"

Sheikh akavuta ndevu zake nyeupe. "Niliona haya. Nilijiambia, si adabu kuitia mizani sadaka ya mtu mbele ya macho yake."

"Na mimi niliona haya kukwambia sina ya kukutosha," akasema Muhana. "Na Bi Moza anaona haya. Sheikh, mitende ya watu inakufa kwa adabu zetu."

Kisha Muhana akauliza, "Nifundishe basi. Katika hawa watano, ipi sadaka iliyo bora?"

Wewe na mimi tungetarajia hapa Sheikh afungue mlango wa elimu, atoe hoja na dalili mpaka jua lituchwee. Sikiliza alichosema yule mcha Mungu.

"Usiniulize mimi. Mimi ni mmoja wa wanaokuomba. Nikikwambia chuo, nitakuwa nimejihukumia. Nikikwambia si chuo, huenda nitakuwa nimetaka usifu uchaji wangu. Rudi kwa Mola wako, nawe umeshayatembea maji yako, unajua yanaweza kufika wapi."

Muhana akarudi. Inasemekana alisali rakaa mbili, kisha akakaa kitako na ile hesabu chungu. Shamba la msikiti lilikuwa na macho ya kijiji kizima. Hodhi lilikuwa njiani, na msafiri hubeba kiriba chake. Maiti, Mungu awarehemu, sheria imewaruhusia kutayamamishwa kwa vumbi pale maji yanapokosekana. Chuo kilimuuma kuliko vyote, kwa sababu ya haki ya mwalimu. Lakini wanafunzi wa chuo walikuwa na wazazi. Akijiuliza, "Nikiondoka mimi, nani atabaki?", kila mahali alipata jina la mtu. Kwa Bi Moza hakupata. Na nusu yake ile, akiipeleka nzima, ingetosha kuishibisha njia na bado ikabaki ya kunywesha. Akiikata hata mara mbili, haitoshi.

Ijumaa Dhahir alisimama kama desturi. "Na Muhana bin Saif, Baba wa Mito, ametoa maji kwenye shamba la..."

"Dhahir, usinitaje," Muhana akasema, naye amesimama.

"Ala! Baba wa Mito amekauka?"

Watu wakacheka. Muhana akangoja kicheko kiishe.

"Sikuwahi kuwa na mto, ndugu zangu. Nina nusu zamu. Nimewapa msikiti, na hodhi, na chuo, na wa mtaa wa chini, na Bi Moza, na mwaka huu mzima halikufika hata tone popote. Nilikuwa nanywesha mchanga, nanyi mnaniitikia. Kuanzia leo maji yangu ya Mungu yanakwenda kwa Bi Moza peke yake. Waliobaki wote nawaomba radhi. Sina."

Kicheko kilikufa. Kutoka safu za nyuma mtu wa mtaa wa chini akapaza sauti, "Tulikuja kwako na aibu zetu, ukatuahidi! Sasa maiti wetu tuwaoshe kwa mate?"

Muhana akasema tu, "Ni haki yako kunilaumu." Na akabaki amesimama, analaumiwa, mbele ya watu waliokuwa wakimwitikia dua wiki iliyopita. Hebu jaribu wewe hilo. Mimi nakwambia kutoa mali ni rahisi zaidi.

Kisha ikasikika sauti ya Nabhani, mwenye ngamia wa kukodisha, mtu mzito wa kusema.

"Ngoja. Hodhi halina maji ya mtu?"

"Halina," akasema Muhana.

"Subhanallah. Mimi kila Ijumaa nasikia Muhana hodhini, Muhana hodhini. Nikajiambia hodhi lina mwenyewe, nisimwingilie mtu kwenye thawabu zake. Ngamia wangu wananywa hapo! Dhahir, nitaje mimi. Zamu yangu yote ya Jumatatu."

Na kweli, ikadhihirika kwamba hakuwa Nabhani tu. Palipotajwa jina la Muhana, watu waliona pamejaa, wakapita. Kumbe jina lilikuwa limekaa kwenye kiti, na mwenye jina hayupo. Siku hiyo wawili wakashirikiana kulichukua shamba la msikiti. Wa mtaa wa chini wakachangishana wao kwa wao, huku wakinung'unika, na kisima chao kikapata maji ya kuoshea maiti.

Chuo hakikupata mtu. Nakwambia ukweli, sitaki kukupambia. Mitini ya bustani ya Sheikh Azzan, miti ya tini aliyoipanda ujanani mwake, ilikauka mwaka ule na ikakatwa kuni. Sheikh alikuwa akipita kwa Muhana anatoa salamu ile ile, kwa uso ule ule. Na Muhana kila alipoviona visiki vya ile mitini alihisi kisu moyoni. Alisema, "Huu ndio uzito wa kuchagua. Nilikuwa naukimbia nikidhani naukimbilia ukarimu."

Zamu ilipofika, Muhana alinywesha yake, kisha akakifungua kizibo cha Bi Moza, akakiacha wazi. Dhahir alikuwa kwenye nguzo akitazama kivuli. Akamwita kwa sauti ya chini, "Muhana. Njia ile imekauka sana. Kivuli kikifika jiwe la mwenzako, mimi naweza kupiga chafya ndefu kidogo kabla sijakiona."

"Mungu akulipe kwa huruma yako," akasema Muhana. "Usinipe maji ya mtu nimpe Mungu."

Safari hii alitembea tena na maji yake. Nyufa zikanywa, kama zilivyokunywa. Mchanga ukachukua haki yake. Lakini nyuma ya maji palikuwa na maji, na yaliposimama yalisukumwa, yakavuka lile doa, yakapita chini ya ukuta, yakaingia. Bi Moza hakusema ahsante. Hakuwa na nafasi. Alikuwa mbio na jembe, akifungua hapa, akiziba pale, akiwapigia kelele wajukuu, "Shikilia hapo! Hapo hapo, usiyaache yakimbie!" Muhana akasimama nje ya ukuta akisikiliza ardhi inavyokunywa, mpaka Dhahir alipokifunga kizibo kule juu na sauti ikaisha.

Wakaenda hivyo zamu kwa zamu, maji mafupi lakini yanayofika. Mtende mmoja ulikuwa umeshakufa moyoni, hawakuuwahi. Miwili ikatoa kuti la kijani katikati, halafu makole ya maua, halafu tende.

Wakati wa mavuno mfanyabiashara alirudi kama alivyoahidi, na ngamia wa akiba kwa ajili ya watoto. Alimkuta Bi Moza mlangoni. Hakuulizwa shida yake. Alitandikiwa mkeka kivulini, akaletewa sahani ya tende na kata ya maji, na wajukuu wote wakaja kumwamkia, mmoja baada ya mwingine, wakaketi karibu na nyanya yao.

"Kula, mgeni wangu," akasema Bi Moza. "Ni za hapa hapa."

Akala, akazisifu, akanywa maji. Kisha akapanda ngamia wake, na yule ngamia wa pili akaenda naye mtupu mpaka bandarini.

Basi, ewe ndugu yangu unayetoa kidogo kidogo kwa kila mkono unaonyooshwa, ukilala unajiona mkarimu wa mji mzima: sikucheki. Nakuuliza tu swali la Bi Rayya, wewe unafanya nini, na siku moja inuka uifuate sadaka yako uone inaishia wapi. Mwenye kidogo hakukalifishwa kuwanywesha wote. Amepewa amana ya kufika mahali pamoja, na ujasiri wa kuwaambia wengine, kwa upole na kwa ukweli, kwamba hapo hayupo, ili apishe atakayekuwepo. Ya Rabbi, tupe mkono unaofika, na ulimi usioona haya kusema sina.